Canon RP, R6 au Sony A7 III: Ipi ya Kupigia Harusi?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Mezani nina bodi tatu, yaani kamera bila lenzi, zote za fulu fremu, zenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa kama filamu ya milimita 35: Canon EOS RP, Canon EOS R6 na Sony A7 III. Wengi mnauliza mnunue ipi mkitaka kuingia kwenye kazi za harusi. Nawajibu kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, maana harusi hairudiwi.

RP ilitoka 2019. Nyepesi kweli, gramu 485 pamoja na betri na kadi, na kwa megapikseli ndiyo inayoongoza hapa: 26.2. Lakini tazameni nikifungua huku chini. Betri, na ubavuni mwake tundu la kadi. Moja tu. Niliwahi kupiga ndoa nzima kwa kamera ya tundu moja, kufika nyumbani kadi ikagoma kusomeka. Baadhi ya picha nilizirejesha kwa programu, lakini za bibi harusi akimuaga mama yake hazikurudi. Pesa ya mteja nilirudisha. Yule mama ningemrudishia nini? Tangu siku ile bodi ya tundu moja siendi nayo harusini.

R6, ya 2020, ina matundu mawili, yote UHS-II, yaani ya kadi zenye kasi zaidi, na ukiiweka hivyo picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Megapikseli 20.1 zinawatisha watu bure. Picha ni pikseli 5472 kwa 3648. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata kama sentimita 46 kwa 31, ukurasa mzima wa albamu kubwa. Halafu sensa yake ina stabilaiza, kifaa cha kupunguza mtikisiko, ambayo RP haina. Taa za ukumbi zikipunguzwa, nashusha kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde na mapambo yanatoka makali. Ila anayecheza muziki atatoka na ukungu, kwa sababu stabilaiza inatuliza mkono wako, si miguu yake. Video ya 4K inaipandisha joto, hivyo hotuba ndefu narekodi Full HD.

A7 III ni ya 2018, megapikseli 24.2. Betri yake ndiyo raha: picha 710 kwa chaji moja ukitumia skrini, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera wa Japani; R6 ni 510. Matundu ni mawili, ila moja tu ndilo UHS-II.

Una lenzi za Canon EF, zile za kamera zao za zamani zenye kioo? Chukua R6 na adapta yake. Hata betri za LP-E6, kama unazo kutoka Canon yako ya zamani, zinaingia. Huna lenzi yoyote? Nenda A7 III, lenzi za Sigma na Tamron zimejaa. RP mnunulie anayepiga familia na safari.

Ukinunua R6 au A7 III iliyotumika, nenda na kadi zako mbili, uiweke iandike kwenye zote kwa pamoja. Bana tundu la mwanga la lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa ya sensa. Kisha chomoa kadi zote mbili, uhakikishe ile picha ipo kwenye kila moja, ndipo utoe pesa.