Upasuaji wa mguu wa mpwa wangu: tuliyoyaona

Mpwa wangu ana miaka 15 na mguu wake wa kushoto ulipinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Mtaani kwetu Likoni ndiye golikipa, anadaka kama paka, ila alikuwa anakanyagia ubavu wa mguu mpaka pakafanya sugu ngumu kama kwato. Ndala ya kushoto haimalizi mwezi.

Mwaka jana tukaenda hospitali moja hapa Mombasa, jina sitalitaja. Daktari nampa maksi zote. Alimuuliza kijana mwenyewe anataka nini, hakuniuliza mimi. Kisha akatwambia wazi: angeletwa akiwa mchanga, angefungwa plasta kila wiki, kama 5 au 6 hivi, akakatwa kidogo ile kano ya kisigino, halafu avishwe viatu vilivyoungwa kwa chuma, baadaye vya kulalia tu, mpaka miaka 4. Basi. Dadangu akainamisha kichwa; yeye aliambiwa amkande kwa mafuta. Sasa mifupa imekomaa, ni kuikata na kuiunga kwa vyuma. Unyayo utatua chini wote, lakini hautapinda tena huku na huku.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ninaolalamikia ni watu wa ofisini. Mara ya kwanza kijana hajatia kitu mdomoni tangu usiku, saa saba mchana tunaambiwa turudi wiki ijayo. Vyuma navyo, tukatumwa tukanunue nje jioni ya kuamkia upasuaji! Mkienda, daini mpewe gharama zote kwa maandishi, na nauli mjipigie hesabu wenyewe, maana miezi 3 ya plasta ni safari nyingi. Feri ya kuvukia kutoka Likoni kwa mwenda kwa miguu ni bure, sawa, lakini ule mteremko kwa magongo, na watu wanakimbilia chombo kisiwaache? Siku moja nilimbeba mgongoni. Akawa ananinong'oneza, "Mjomba, nishushe, wenzangu wanatuona."

Plasta imeshatoka. Mguu bado mwembamba, na daktari alishasema hautaufikia mwenzake kwa ukubwa. Jumamosi tukaingia soko la Kongowea kutafuta raba: kulia 41, kushoto 38. Muuzaji akakataa katakata kutuvunjia jozi. Tukachukua jozi mbili, akatupunguzia shilingi 100.