Vitabu vya dini vya kununua Mwanza: kipi kwanza, kipi baadaye

Ukiingia duka la vitabu vya dini katikati ya jiji la Mwanza, au ukisimama mbele ya turubai la muuza vitabu kando ya barabara, utakuta vitu vingi kuliko fedha uliyonayo. Biblia za zipu, misahafu, vitabu vya novena (sala za siku tisa), dua za asubuhi na jioni, Tenzi za Rohoni, lesoni za Wasabato, na vijitabu vya majalada yanayong'aa vinavyoahidi ndoa, kazi na ushindi juu ya maadui. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fedha ya kitabu kimoja, pengine viwili, anayetaka kweli kukua rohoni. Nimevipanga kwa kigezo kimoja: kitabu utakachokuwa bado unakisoma mwakani kinakaa juu ya kile kitakachokusisimua wiki hii tu.

Cha kwanza: maandiko yenyewe, kwa Kiswahili unachokielewa

Watu wengi wana maandiko nyumbani lakini hawayasomi, na mara nyingi kosa si la moyo. Walinunua toleo lisilowafaa.

Kwa Mkristo, uchaguzi mkubwa ni kati ya Union Version na Biblia Habari Njema. Union ilitoka kamili mwaka 1952, ikaunganisha juhudi za tafsiri mbili za awali, ya Unguja na ya Mvita (Mombasa). Kiswahili chake ni kizito, kina mapigo ya ushairi, na ndicho wanachokariri watoto wa Shule ya Jumapili na wanachonukuu wahubiri wa mikutano ya injili. Ukitaka mistari ikae kichwani, chukua hiyo. Habari Njema imeandikwa kwa Kiswahili cha siku hizi. Nyaraka za Paulo, ambazo ndani ya Union humchosha msomaji mgeni, humo zinasomeka kama barua kutoka kwa mtu anayekujali. Kwa anayeanza, au aliyewahi kuanza akaishia kitabu cha Walawi, ninaiweka Habari Njema mbele bila kusita.

Mkatoliki aulize jambo moja zaidi kabla ya kulipa: je, ina vitabu vya deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti wengi hawana? Habari Njema huchapwa kwa namna mbili, yenye vitabu hivyo na isiyo navyo, na kwa nje zinafanana. Fungua yaliyomo utafute Tobiti, Yudithi na Yoshua bin Sira. Huyu Bin Sira peke yake anatosha kuwa sababu ya kuchagua toleo lenye deuterokanoni. Anazungumzia rafiki wa kweli na rafiki wa mezani, kukopesha na kudhamini, ulimi, adabu za karamuni, hata heshima anayostahili tabibu. Kwa mfanyabiashara wa Soko Kuu au Kirumba anayekopesha mali kila siku, sura ya 29 inamhusu moja kwa moja.

Kwa Mwislamu anayesoma Kiarabu bila kukielewa, msahafu wenye tarjuma ndio ununuzi wa kwanza. Tarjuma mbili ndizo za kulinganisha. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ina maelezo mengi chini ya kurasa, na inamfaa anayetaka kujua aya ilishuka kwa sababu gani. Ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ya mwaka 1995, inateremka vizuri zaidi ukiisoma kwa mfululizo. Kwa kusoma peke yako nyumbani ninaitanguliza ya al-Farsy, kwa sababu ya hayo maelezo. Kama una darasa msikitini na sheikh wa kumuuliza, ya al-Barwani itakupa raha zaidi. Hakikisha Kiarabu na Kiswahili vinakaa sambamba kwenye ukurasa mmoja, maana kufunuafunua kutafuta aya kunavunja moyo haraka.

Usisahau ukubwa wa maandishi. Biblia ndogo ya mfukoni inapendeza dukani, ila jioni umeme ukikatika na macho yamechoka, haisomeki. Ukimnunulia mzazi, chagua maandishi makubwa hata kama bei inapanda. Jalada la zipu linawafaa wanaosafiri kwa maji: anayevuka mara kwa mara kwenda Ukerewe au visiwa vya mbali anajua jinsi karatasi nyembamba zinavyoharibika zikipigwa na rasharasha za ziwa.

Cha pili: kijitabu cha kila siku

Hapa bei ni ndogo na faida ni kubwa. Kwa Mwislamu, Hadithi Arobaini za Imam Nawawi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, ambazo kwa hesabu ni 42, zinaanza na hadithi ya nia. Ukiishika hiyo moja ukaipima kwa kila kazi ya siku yako, umepata kazi ya mwezi mzima. Mwenye uwezo zaidi achukue Riyadhu Swalihina ya imamu huyohuyo, ambayo kila mlango wake hukusanya aya na hadithi kuhusu tabia fulani: subira, ukweli, toba.

Wasabato, ambao kandokando ya ziwa ni wengi, wana lesoni ya robo mwaka, somo moja kwa kila wiki na sehemu fupi kwa kila siku. Hata asiye Msabato anaweza kujifunza kitu katika utaratibu huo: kipande kidogo, kila siku, na swali la kujibu mwenyewe. Mkatoliki ana Misale ya Waumini na vitabu vya sala. Kwa asiyetaka kununua chochote cha ziada, kitabu cha Mithali kina sura 31, na kila tarehe ya mwezi inapata sura yake.

Cha tatu: vitabu vya watu waliopigana na nafsi zao

Maungamo ya Mtakatifu Augustino yana zaidi ya miaka 1,600, na mwandishi wake ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Anaeleza wizi wa mapeasi na tamaa za ujana, na machozi ya mama yake Monika. Kina sehemu 13. Tisa za mwanzo ni za maisha yake na zinasomeka. Nne za mwisho ni falsafa ya kumbukumbu, wakati na uumbaji, na unaweza kuziacha kwa sasa bila aibu yoyote. Kijana aliyelelewa kanisani kisha akapotelea mjini nitampa kitabu hiki kabla ya mahubiri yoyote.

Katika Uislamu wa Waswahili kuna Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mshairi anauonya moyo wake kwa kuutazamisha magofu ya Pate, mji wa kale kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, majumba yaliyokuwa na taa na watumishi na sasa yamebaki makao ya popo na ndege. Kiswahili chake ni cha kaskazini, kwa hiyo nunua toleo lenye ufafanuzi, la sivyo utakwama beti za mwanzo.

Na ingawa si kitabu cha dini, naomba nikiingize cha nyumbani: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Rubya. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili kikachapwa mwaka 1980. Ni habari ya mume na mke wasio na mtoto, ndugu wanaowasema, na mume anayekataa kumwacha mkewe. Wanandoa wanaopita njia hiyo watapata humo faraja ambayo vijitabu vingi vya maombi ya ndoa havitoi.

Cha mwisho: vijitabu vya mafanikio na ukombozi

Sivikatai vyote. Kabla ya kununua, soma kurasa mbili katikati, si jalada. Kikikutaka usamehe, ulipe deni, uache ulevi, kinaweza kukujenga. Kikikuelekeza tu jirani au shangazi aliyekuroga, kitakuachia hofu na ugomvi ndani ya ukoo. Na kikikwambia uache dawa ulizoandikiwa hospitali, kiache hapohapo mezani.

Popote utakaponunua, usitoke dukani kabla ya kupekua kitabu chote. Vitabu vya fotokopi huwa na kurasa zilizorukwa au zilizofifia. Kikunjue katikati uone kama kimeshonwa kwa uzi, maana cha gundi tupu kitaanza kuachia kurasa ndani ya miezi michache ukikisoma kila siku. Omba risiti, na uulize mapema kama watakibadilisha ukikuta kasoro.