Uzoefu wangu: kutambuliwa cheti cha uuguzi Ujerumani ukiwa bado Kenya

Naipa njia hii nyota nne kati ya tano. Ni halali mwanzo mwisho na haidai mtu wa kukujua. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya makaratasi, na nitaeleza.

Anza na Kijerumani kabla ya kumtafuta wakala. Kwa wauguzi, viza ya kwenda kukamilisha utambuzi, ile ya kifungu cha 16d cha sheria ya ukaaji ya Ujerumani, kwa kawaida hutaka Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani cha kati. Leseni ya muuguzi kamili hutaka B2, ngazi inayofuata. Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja inataka alama 60 kwa 100, na ukianguka moja unairudia hiyo hiyo tu. Tia bidii zaidi kwenye kusikiliza. Wakati wa kukabidhiana zamu wodini hakuna atakayekungoja utafute neno.

Ombi la utambuzi huenda kwa mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi. Kama huna mwajiri bado, kuna ofisi ya ushauri wa utambuzi iitwayo ZSBA, iliyo Bonn: inawashauri bure walio nje ya nchi na kukuonyesha pa kupeleka faili.

Sasa makaratasi. Mafunzo ya uuguzi Ujerumani ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na mkaguzi huko analinganisha saa kwa saa. Transkripti zetu nyingi zinaonyesha somo na gredi basi. "Uuguzi wa Watoto: B" haimsaidii kitu. Mwombe mkuu wa chuo barua yenye nembo, sahihi na muhuri, ikitaja saa za kila somo na saa za kila wodi: upasuaji, watoto, uzazi, afya ya akili, wazee. Wazee ndiko pengo hujitokeza sana, kwa kuwa vyuo vyetu havikipi kipengele hicho saa nyingi. Barua za kazi nazo zitaje wodi, tarehe na majukumu, maana uzoefu unaweza kuziba mapengo. Ile barua ya "alikuwa mchapakazi na mwenye nidhamu" haizibi chochote. Hakikisha jina la paspoti na la cheti ni lile lile, herufi kwa herufi. Na usilipie tafsiri kabla ya kuiuliza mamlaka, kwani nyingine hukubali tu mtafsiri aliyeapishwa Ujerumani.

Jibu likija, usishtuke kuona orodha ya mapungufu. Wanaiita Defizitbescheid, na si kukataliwa: ndiyo karatasi unayoombea viza. Inakupa njia mbili. Kuna mtihani wa maarifa, wa mdomo na wa vitendo, ambao kila sehemu hurudiwa mara moja tu. Au kuna mafunzo ya kujazia, yanayoishia kwa mazungumzo ya tathmini. Ningechukua mafunzo. Ni marefu zaidi, lakini unajifunza taratibu za kwao huku unalipwa.

Mwajiri anaweza kukuombea njia ya haraka kwenye ofisi ya wageni ya huko. Ada ni yuro 411, na miadi ya viza hutolewa ndani ya wiki 3. Muulize mapema, wengine hawaisemi mpaka waulizwe.

Kuhusu mawakala: Kenya, angalia kama yumo kwenye orodha ya National Employment Authority. Upande wa Ujerumani kuna alama ya ubora iitwayo Faire Anwerbung Pflege, na masharti yake ni kwamba mwajiri ndiye anayelipa. Wakala akikudai "ada ya kazi", ondoka.

Mkataba usome mara mbili. Kabla ya leseni utafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, kwa mshahara mdogo, kwa hiyo mishahara yote miwili iandikwe. Kisha tafuta kipengele cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema: dai kiasi kitajwe kwa yuro, na kipungue kila mwezi unaofanya kazi.