Theth, Albania: usipite tu, lala kwa wenyeji

Wageni wengi huenda Theth, kijiji cha bondeni kaskazini mwa Albania, kwa ajili ya kuvuka mlima kwa miguu hadi Valbona. Wanafika jioni, alfajiri wameshaondoka. Nakushauri ukae siku kadhaa, tena kwenye nyumba ya familia, si hoteli mpya.

Kutoka mji wa Shkodër unapanda kwa basi dogo hadi Qafë-Thore, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha unateremka kona baada ya kona. Barabara ni ya lami siku hizi. Dereva wetu alijaza watu mpaka wengine wakakalia mabegi, na kando yetu ni korongo tupu. Hilo lilinikera sana.

Chakula ndicho kilichonibakisha. Mama mwenye nyumba alitupikia flija: uji mwepesi wa unga wa ngano humiminwa kwenye sinia tabaka kwa tabaka, na kila tabaka huiva kwa mfuniko wa chuma uliopaliwa makaa, kama tunavyopalia mkate wa kumimina. Ni kazi ya saa nyingi, naye hakuonyesha haraka hata kidogo. Tuliila kwa mtindi na asali. Nilishamwambia kuwa sili nguruwe wala sinywi pombe. Wenyeji wa bonde lile ni Wakatoliki, lakini nchi yao ina Waislamu wengi, kwa hiyo hakushangaa. Raki, pombe yao kali, iliondolewa mezani kwangu, ikaja çaj mali, chai ya majani ya milimani, bila sukari.

Usikose Kulla e Ngujimit, mnara wa mawe ambamo mwanamume aliyewindwa kwa kisasi cha damu alijifungia huku wazee wakitafuta suluhu kwa sheria za mila, yaani Kanun. Madirisha ni vitundu tu. Ukipanda ndani na kuchungulia bonde kupitia kimojawapo, unaelewa maana ya kuishi humo. Kanisa la mwaka 1892 liko karibu, na maporomoko ya Grunas, yenye urefu wa mita 30 hivi, ni matembezi mepesi.

Nenda kati ya Juni na Septemba. Wakati wa theluji familia nyingi huhamia Shkodër. Beba leke, fedha ya Albania, taslimu za kutosha kabla hujapanda, maana kadi yangu haikunisaidia kitu kule.