Nimemaliza mafunzo ya uongozi kwa wanawake: kinacholipa na cha kuruka

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ni mafunzo ya mtandaoni, ya nusu mwaka, na ada hulipwa na mwajiri. Jina siyatajii, maana mengi yanayouzwa kwa wanawake wanaotaka kupanda kikazi yamepangwa hivihivi, na nitakayosema yatakufaa hata ukiandikishwa kwingine.

Niliingia nikiwa kaimu mkuu wa kitengo cha manunuzi, tena kaimu wa muda mrefu. Aliyewahi kukaimu anajua: kazi za mkuu unazo, lawama zake unazo, saini huna.

Mwanzo wake ni mbovu. Vipindi vya kwanza vyote ni kujiamini: simama wima, usiombe radhi ovyo, shusha sauti, mtazame mtu machoni. Mwezeshaji alishikilia sana ile hali ya mtu aliyefaulu kujiona tapeli, ambayo wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandikia mwaka 1978, akaieleza kana kwamba kila mwanamke ofisini anaiugua. Kwenye kundi letu walikuwamo mhandisi, mkaguzi wa hesabu na muuguzi anayeongoza wodi nzima. Kujiamini hawakukosa. Walikosa barua za uteuzi.

Na huo ushauri wa namna ya kuongea una historia chafu. Ann Hopkins alipendekezwa kuwa mbia wa kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse mwaka 1982, mwanamke pekee kati ya waliopendekezwa 88, akiwa ameshasaidia kuipatia kampuni mkataba wa takriban dola milioni 25 na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wakubwa wakasema ni mkali mno. Akashauriwa atembee kike, aongee kike, avae kike, ajipodoe. Alishtaki, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba kumnyima mtu cheo kwa sababu hafanani na mwanamke waliyemzoea ni ubaguzi. Nilimtaja Hopkins kipindini. Mwezeshaji hakuwa amewahi kumsikia. Kwa anayelipwa kufundisha somo hili, hapana.

Kuna pia jaribio la tabia linalokupa rangi. Mimi ni bluu. Tuendelee.

Kilichonibakiza ni daftari. Kwa mwezi mzima unaandika kila kazi unayoifanya ambayo haitatajwa siku ya kujadili vyeo: kuandika muhtasari wa kikao, kuchangisha zawadi ya anayestaafu, kumzungusha mfanyakazi mgeni, kukaa kamati ya sherehe, kutuliza wawili waliogombana. Unaandika na nani aliyekupa. Ukurasa wangu ulinishtua, ingawa zaidi ulimshtua mkurugenzi wangu. Nyuma ya zoezi hili kuna utafiti wa Linda Babcock na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017: kundi likichanganya wanaume na wanawake, wanawake hujitolea zaidi kwa kazi za namna hiyo, na huombwa zaidi. Lakini kundi likiwa la wanaume watupu, mtu hupatikana vilevile. Yaani wanaume wanaweza, ila wanasubiri.

Nilipenda kwamba hatukufundishwa kukataa tu, maana mwanamke anayekataa ana jina lake tayari. Tulifundishwa kulipeleka daftari kwa mkuu na kuomba zamu. Kwetu muhtasari sasa huandikwa kwa mpangilio wa herufi za majina. Mwenzetu ambaye jina lake linaanza na A hajanisamehe.

Sasa suala la washauri. Kila mshiriki hupewa mama mmoja mzoefu wa kuzungumza naye. Wangu alikuwa mwema, msikivu, ana busara tele, na hana kura hata moja mahali panapoamuliwa cheo changu. Mtafiti Herminia Ibarra na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 2010: wanawake wenye uwezo walikuwa na washauri wa kutosha, hata kuwazidi wanaume, lakini walipungukiwa na wadhamini, yaani mkubwa anayelitaja jina lako ukiwa haupo na kuweka heshima yake rehani juu yako.

Waandaaji wanalijua hilo, kwani wana kipindi cha mabosi. Ajabu ni kwamba wamekifanya nyongeza ya kulipia! Waajiri wengine walilipa, wengine hawakulipa, na tofauti ilionekana wazi. Mkurugenzi wangu alikuja. Akaulizwa mbele yangu: "Taja uamuzi mmoja ambao huyu anaweza kuufanya bila kukuuliza." Akakohoa, akanywa maji. Baadaye nikapewa mamlaka ya kuidhinisha manunuzi hadi kiwango fulani, na ukaimu wangu ukawekewa tarehe ya mwisho. Yule mkaguzi wa hesabu, ambaye mwajiri wake aliona nyongeza ni anasa, alimaliza na mshauri na rangi yake.

Kasoro nyingine kubwa ni mlango. Wanapokea wenye wadhifa tayari, ilhali pengo huanzia chini kabisa. Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la wanawake la LeanIn kuhusu kampuni za Marekani ilikuta kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kuwa mameneja kwa mara ya kwanza, wanawake walikuwa 81. Ukishawapoteza hapo, huko juu utamfundisha nani? Wasaidizi wawili hodari wa kitengo changu waliomba nafasi, wakaambiwa wasubiri wapate cheo.

Vipindi vya moja kwa moja ni vya jioni na havirekodiwi. Mtu mwenye mtoto mchanga ajipange, au asijiandikishe.

Kwa hiyo kabla mwajiri hajalipa, ulizeni mambo mawili: bosi analazimika kuhudhuria, na ataulizwa nini? Wakiwajibu kwa kuwatumia orodha ya mada za kujiamini, tafuteni kwingine. Nyinyi mnaolipa kwa mifuko yenu, mimi nisingelipa. Daftari mnaweza kulianza bila ada.

Cheti kimekuja kwa barua pepe, jina langu likiwa na herufi moja isiyo yake. Nimewaandikia warekebishe. Bado kimya.