Dhahabu ya sonara jijini Mbeya: pambo zuri, akiba ya gharama kubwa

Duka ninalolitathmini ni la sonara, liko katikati ya jiji la Mbeya, na wateja wake wengi ni watumishi na wafanyabiashara ambao sasa hununua mikufu na bangili kama akiba, hasa baada ya bei ya dhahabu duniani kuvuka dola 4,000 kwa wakia (takriban gramu 31) mwezi Oktoba 2025.

Kwa huduma, duka linastahili sifa. Kila pambo hupimwa kwenye mizani mbele ya mteja, chapa ya 750 au 916 (sehemu za dhahabu safi katika kila elfu, yaani karati 18 au 22) huonyeshwa kwa lenzi, na risiti ya EFD, mashine ya kodi, hutolewa bila kuombwa, pamoja na maandishi ya uzito na karati ambayo mteja atayahitaji sana siku ya kuuza.

Tatizo liko kwenye hesabu. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una gramu 7.5 tu za dhahabu safi, lakini mnunuzi hulipia pia ufundi, faida ya duka na pengine vijiwe vya urembo vilivyopimwa pamoja nao. Nilipouliza kama wangeununua tena mkufu uleule, nilijibiwa kwa uwazi kwamba takriban robo ya bei ingekatwa, kwa kuwa kwao huo ungekuwa mali ya kuyeyushwa. Aliyekatwa robo anahitaji bei ipande kwa theluthi nzima ndipo fedha zake zirudi, na hapo faida bado haijaanza.

Muuzaji aliniambia pia kwamba dhahabu haishuki bei. Kauli hiyo si sahihi, na inaniumiza kwa sababu anayeiamini huenda ameshika kiinua mgongo chake chote. Januari 1980 wakia ilifika takriban dola 850, kisha ikaporomoka hadi karibu dola 250 mwaka 1999. Aliyenunua mwaka 2011, ilipozidi dola 1,900, aliishuhudia ikikaribia dola 1,050 mwishoni mwa 2015. Ni kweli kwamba dhahabu humkinga mtu shilingi inapodhoofika, lakini ikikaa kabatini haizai chochote, ilhali hati fungani ya serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali, hulipa riba kila baada ya miezi sita, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS huuzwa kidogo kidogo mwenyewe anapobanwa na ada za shule.

Wapo wanaodhani nafuu ni kwenda Chunya kununua dhahabu ghafi kwa wachimbaji wa Makongolosi au Matundasi. Siwashauri kabisa: sheria inamtaka mnunuzi wa madini awe na leseni, na biashara ifanyike katika soko la madini, ambako dhahabu hupimwa na mrabaha wa serikali hulipwa. Anayenunua vichochoroni anaweza kuuziwa bandia, na hana pa kulalamika.

Kwa pambo la harusi ningelipendekeza duka hili bila kusita. Kwa akiba, nisingeweka humo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya fedha zangu, na ningechagua bangili nyororo ya karati 22 isiyo na vijiwe wala nakshi nyingi, kwa sababu katika hiyo, sehemu kubwa ya bei hulipia dhahabu yenyewe.