TAHADHARI: Anauza "kobe" lenye namba za gari jingine, Jinja hadi Mbale

Ndugu zangu mnaopenda magari ya zamani, hasa vijana wenzangu mnaojibana miezi na miezi ili mpate gari la kufufua: kuna mtu anazunguka Jinja, Iganga na Mbale, hapa Uganda, akiuza Volkswagen Beetle, lile ambalo wazee wetu wanaliita kobe. Mimi amenilia shilingi 2,500,000. Gari lenyewe sasa liko kituo cha polisi, lakini juzi binti mmoja wa Mbale amenionyesha picha alizotumiwa wiki hii: gari lilelile la samawati, viti vilevile vyekundu, hata mkwaruzo wa mlango wa dereva ni uleule. Kwa hiyo bado yuko kazini, na anaomba "kishika nafasi" kwa gari ambalo hana tena.

Jina lake siandiki, kwa sababu mimi alinipa moja, yule binti naye akapewa jingine, na nilipotuma hela simu ikaonyesha la tatu, la mwanamke. "Ni la mke wangu, mdogo wangu, laini yangu ina shida." Nikaendelea kubonyeza. Wewe ukifika hapo, usibonyeze.

Nina miaka 24, natandaza nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, na hela ile niliiweka kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili. Nasema hivi ili mjue huyu mtu hawindi matajiri. Anatuwinda sisi, na anajua tunapenda kusikia nini. Gari, alisema, lilikuwa la Mhindi wa Main Street hapa Jinja, aliyeondoka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90. Likabaki gereji, mlinzi akalitunza, na yeye ndiye mjukuu wa mlinzi. Aliyekulia Jinja ataelewa kwa nini hadithi hiyo iliniingia. Bibi yangu alilea watoto katika nyumba mojawapo ya zile, na mpaka leo akipita pale hupunguza mwendo. Kisha akaniambia Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Hilo ni kweli kabisa, na ndilo lililonifanya nimwamini na mengine.

Logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari, ilisema ni gari la 1968. Ukifungua boneti ya mbele, nyuma ya tairi la akiba kuna kibati cha namba, na namba ililingana na logibuku. Nilichoona ila sikukizingatia ni kwamba gari zima lilikuwa limechakaa, lakini skrubu za kibati zilikuwa mpya, zinang'aa. Taa za nyuma nazo zilikuwa zile kubwa za mviringo, ambazo zilianza na modeli ya 1973. Nikamuuliza. Akasema walibadilisha madigadi. Nikataka kuinua kiti cha nyuma, akanishika mkono kwa upole: kimeshonwa juzi tu, kitachanika. Bei ilikuwa 4,200,000. Nikatoa hizo 2,500,000 siku ileile, na karatasi ya mauziano tukaandika juu ya boneti.

Wiki iliyofuata nikaenda na fundi wangu, mzee wa Walukuba aliyeanza kushika spana enzi za kobe zenyewe. Muuzaji hakuwapo, akatufungulia kijana wa banda la Bugembe ambako gari lilikuwa limeegeshwa. Mzee hakuitazama rangi wala injini. Alisema, "Mwanangu, inua kiti."

Kiti kikatoka bila kuchanika popote. Chini yake, upande wa kulia ambako betri hukaa, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, tundu likazibwa kwa magazeti na puti, juu ikapakwa rangi nyeusi nzito. Mzee akabonyeza kwa kidole gumba, kikapenya. Kisha akamwaga mafuta ya taa kwenye ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, akasugua kwa brashi ya waya, taratibu, kama anayeosha kidonda. Namba ikaanza kutokea: 114 2... Nikazihesabu tarakimu mara tatu. Zilikuwa kumi. Kwenye kibati na kwenye logibuku zilikuwa tisa, zikianza na 118.

Shikeni hili. Namba ya kweli ya Beetle imegongwa kwenye chuma, chini ya kiti cha nyuma. Kibati cha mbele mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kukihamisha. Katika Beetle za kawaida za miaka ile, 11 ndiyo aina ya gari na tarakimu ya tatu ni modeli ya mwaka: 118 ni 1968. Kuanzia modeli ya 1970 tarakimu ni kumi badala ya tisa, na 114 yenye tarakimu kumi ni modeli ya 1974, iliyoanza kutengenezwa Agosti 1973. Mhindi aliyeondoka 1972 angeliacha vipi gari ambalo halijaundwa? Pale bandani ndipo miguu iliponiisha nguvu.

Simu yake haikupatikana tena. Mwenye banda alisema alikuwa analipwa tu hela ya maegesho. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, hamjui mtu huyo wala babu yake, na kumuuliza kungenichukua dakika kumi kabla sijatoa hela. Polisi wamelishika gari kwa sababu namba mbili zinazopingana ni dalili ya wizi, na hata kama nisingedhulumiwa hela, umiliki wake usingehamishika kwa jina langu.

Anayekataa kiti kiinuliwe, mwache hapohapo. Nenda na fundi wako mwenyewe kabla ya hela, si baada. Beba sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Isiposhika, hapo kuna puti. Na karatasi ya mauziano iandikwe mbele ya LC1 wa mahali gari linapolala.

Jambo moja linaninyima usingizi. Kibati kile na logibuku vilitoka kwenye Beetle halisi ya 1968. Mzee anadhani huyu mtu huzungukia familia zenye mabaki ya magari uani, ananunua makaratasi kwa hela ya sukari. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na kobe la 1968, na mtu akaja kuomba au kununua logibuku yake bila gari, tafadhali niandikieni. Picha za namba zote mbili ninazo, na afisa anayeshughulikia kesi hapa Jinja anawasubiri.